Msimamizi wa Nyumba za Kupangisha Jijini Nairobi

Sensa ya mwaka 2019 nchini Kenya ilionyesha kwamba kaya 61 hivi katika kila 100 zinaishi kwenye nyumba zao wenyewe. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima. Mijini mambo yaligeuka: kaya karibu 79 katika kila 100 zilikuwa za wapangaji. Kwa mkazi wa Nairobi, basi, kulipa kodi kila mwezi ndiyo hali ya kawaida ya maisha, na mtu anayesimama kati yake na mwenye nyumba ni msimamizi, ambaye mtaani anaitwa ajenti. Wapangaji wengi wanamfahamu kwa nambari ya simu tu. Mwenye nyumba naye huenda anaishi Kisumu, London au Dubai, na jengo lake analiona kupitia taarifa anayotumiwa na ajenti kila mwisho wa mwezi.

Wengi hudhani kazi ya ajenti ni kukusanya kodi, na wapo wenye nyumba wanaomwajiri wakiwa na dhana hiyo. Kukusanya kodi ndiyo sehemu nyepesi, na siku hizi simu imechukua nusu yake. Uzito wa kazi uko kwingine. Msimamizi anashika fedha za pande mbili ambazo mara nyingi haziaminiani, na anashika funguo za jengo ambamo watu wanalala na watoto wao. Makala haya yanaieleza kazi hiyo jinsi inavyofanywa Nairobi, kuanzia chimbuko lake hadi pale inapogusa sheria.

Chimbuko

Usimamizi wa nyumba za kupanga ulipata sura ya taaluma jijini London. Mwaka 1865 John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa, alinunua nyumba tatu chakavu katika kichochoro cha Paradise Place, mtaa wa Marylebone, akamkabidhi mwanamke aliyeitwa Octavia Hill azisimamie. Ruskin alitaka mtaji wake uzae asilimia 5 kwa mwaka, na Hill akamtimizia. Alikwenda mwenyewe kila wiki kuchukua kodi mlangoni, akitumia ziara hiyo kukagua paa, mifereji na ngazi. Kila mwaka alitenga kiasi fulani cha matengenezo. Kilichobaki kilitumika kwa maboresho ambayo wapangaji wenyewe waliyachagua, nao wakawa na sababu ya kuyatunza majengo. Baadaye aliwafundisha wanawake wengine kazi hiyo hadi ikawa ajira ya heshima. Alikuwa mkali kwa wadaiwa, na aliingilia mno mienendo ya watu majumbani mwao, jambo ambalo leo halikubaliki. Hata hivyo, kuunganisha siku ya kodi na siku ya ukaguzi lilikuwa wazo zuri, na ni hasara kwamba malipo ya simu yameliua.

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kituo cha reli. Kwa miongo mingi Waafrika wengi walioishi humo walikuwa wapangaji wa waajiri wao au wa baraza la mji. Shirika la reli lilikuwa na makao ya wafanyakazi wake Muthurwa, na baraza likajenga Kaloleni katika miaka ya 1940. Pumwani, iliyoanza mapema katika miaka ya 1920, ilikuwa na utaratibu mwingine. Huko Waafrika, wakiwemo wanawake wengi, walijenga nyumba zao za udongo na kupangisha vyumba, huku mwenye nyumba akiishi chini ya paa moja na wapangaji wake. Ajenti hakuhitajika, kwa kuwa malalamiko yote yaliishia kwenye korido.

Hali ilibadilika nyumba zilipoanza kupanda ghorofa. Mradi wa Dandora, ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwapa watu wa kipato cha chini viwanja vyenye maji na choo ili wajijengee wenyewe. Waliopata fedha waliongeza vyumba, kisha sakafu. Leo Pipeline, kule Embakasi, majengo ya ghorofa saba na nane yamebanana kiasi kwamba jua haliufikii uwanja wa chini, na hali inakaribia kuwa hiyo hiyo Zimmerman, Githurai na Kayole. Jengo lenye makumi ya bedsita haliwezi kusimamiwa na mtu anayepita Jumapili baada ya ibada. Hapo ndipo ajenti akawa wa lazima.

Nani hufanya nini

Watu wanne huchanganywa, na migogoro mingi huanzia kwenye mchanganyiko huo. Mwenye nyumba ndiye mmiliki. Msimamizi, awe mtu mmoja au kampuni, anafanya kazi kwa niaba yake chini ya mkataba na hulipwa kwa asilimia ya kodi inayopatikana, kwa kawaida kati ya 5 na 10. Keateka, yaani mtunzaji wa jengo, anaishi katika jengo lenyewe, mara nyingi kwenye chumba cha chini karibu na lango. Wa nne ni dalali wa kutafutia watu nyumba, ambaye akishapata malipo yake ya kukuonyesha chumba haonekani tena. Huyo hana mamlaka yoyote juu ya jengo, wala hastahili kupokea dipoziti.

Keateka anastahili maneno zaidi. Ndiye anayejua kwamba mpangaji wa ghorofa ya tatu amefutwa kazi, kwamba bomba la uani limeanza kudondoka, na kwamba gari lililoegeshwa usiku si la mkazi yeyote. Anafahamu majina. Kwenye daftari la ajenti mpangaji ni “B4”, ilhali kwa keateka ni Mama Shiru, ambaye mtoto wake ana pumu na kwa hiyo moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya jengo si usumbufu mdogo kwake. Licha ya hayo yote, makeateka wengi hulipwa kidogo, hawana mkataba, na chumba wanachopewa huhesabiwa kama sehemu ya mshahara. Msimamizi anayetaka kazi yake iende vizuri huanza kwa kuandika mkataba wa keateka, kumlipa kwa wakati na kumwondolea kabisa jukumu la kupokea fedha taslimu. Jukumu hilo limewaharibia watu waaminifu majina yao.

Kuhusu msimamizi mwenyewe, sheria haikukaa kimya. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Mashamba ya mwaka 1984, Sura ya 533, inakataza mtu kufanya biashara ya kuwauzia, kuwanunulia au kuwapangishia watu wengine mali bila kusajiliwa na bodi iliyoundwa na sheria hiyo. Aliyesajiliwa hupata cheti cha kufanyia kazi kinachohuishwa kila mwaka. Wengi wanaojiita maajenti hawana cheti hicho. Wengine ni watu wema wanaofanya kazi nzuri, lakini siku fedha zikipotea mpangaji hana bodi ya kumshtakia.

Fedha za watu

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na ndani ya miaka michache kodi ya Nairobi ikahamia kwenye simu. Mpangaji hutuma fedha kwa nambari ya Paybill na kuandika nambari ya nyumba yake kama akaunti. Kwa maelezo hayo mtu angedhani hesabu zitajipanga zenyewe. Hazijipangi. Huyu anatumia simu ya kaka yake. Yule anaandika C12 badala ya C21. Mwingine anatuma nusu leo na nusu wiki ijayo. Kuna anayelipa kodi, maji na deni la mwezi uliopita kwa mkupuo mmoja bila kueleza. Kila siku msimamizi anapaswa kukaa na taarifa ya benki na orodha ya wapangaji, alinganishe mstari kwa mstari, kisha fedha isiyojulikana ni ya nani aiweke kando hadi mwenyewe apatikane. Akiacha kazi hiyo kwa mwezi mmoja tu, atamdai aliyelipa na kumwacha asiyelipa. Mtu aliyelipa akidaiwa mbele ya majirani hasahau.

Fedha yenye hatari kuliko zote ni dipoziti. Tuchukue jengo la nyumba 24, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 15,000, na kila mpangaji ameweka dipoziti ya mwezi mmoja. Hizo ni shilingi 360,000 za watu wengine zilizokaa mikononi mwa mtu mmoja. Kwa desturi iliyozoeleka, mwenye nyumba huzimalizia rangi ya jengo au kulipa mkopo, na mpangaji anapohama hurudishiwa fedha iliyotoka kwa mpangaji anayeingia. Mzunguko huo unadumu maadamu jengo limejaa. Siku wapangaji watano wakihama pamoja, fedha hazipo. Hapo huanza hadithi za “njoo wiki ijayo”, na mtu ambaye tayari amelipa kwingine anabaki akizunguka ofisini kudai haki yake. Naliona zoea hili kuwa ndilo doa kubwa zaidi la kazi hii Nairobi, na dawa yake haina siri: dipoziti zikae kwenye akaunti ya peke yake, isiyoguswa na mwenye nyumba wala ajenti hadi mpangaji atoke.

Ugomvi wa dipoziti huzuiwa siku ya kuingia. Msimamizi na mpangaji huzunguka nyumba pamoja, wakaandika kila wanachokiona: vigae vilivyopasuka, kitasa kinacholegea, kioo chenye ufa, madoa kwenye dari ya bafu. Wanapiga picha zenye tarehe, wanatia sahihi, na kila mmoja anabaki na nakala yake. Siku ya kutoka orodha hiyo hiyo hufunguliwa. Rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake ni ya mwenye nyumba. Mlango uliotobolewa kwa teke ni wa mpangaji. Kumkata kila anayehama “fedha ya rangi” bila kuangalia amekaa miezi minane au miaka minane ni dhuluma, hata kama imeandikwa kwenye mkataba kwa herufi ndogo.

Ushuru nao umeingia mikononi mwa msimamizi. Mwenye nyumba mkazi wa Kenya anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa mapato ya nyumba kila mwezi, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango kilikuwa asilimia 10 utaratibu ulipoanza mwaka 2016, kisha kikashuka hadi asilimia 7.5 tangu Januari 1, 2024. Jengo letu la nyumba 24, tatu zikiwa tupu, huingiza shilingi 315,000. Ushuru wake ni shilingi 23,625. Jambo linalowashangaza wenye nyumba ni kwamba ushuru huu hukatwa kwenye mapato yote, kabla ya kutoa gharama. Aliyetengeneza paa kwa shilingi 200,000 hulipa sawa na aliyeliacha livuje. Mwenye gharama nyingi anaweza kuomba atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa mapato, ambako matengenezo na riba ya mkopo huhesabiwa, na msimamizi mzuri humweleza hilo mapema.

Humweleza pia hesabu ya nyumba tupu, ambayo wamiliki wengi hawapendi kuisikia. Ukimwongezea mpangaji wa shilingi 15,000 kodi kwa shilingi 500, unapata 6,000 zaidi kwa mwaka. Akihama kwa sababu hiyo na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja, umepoteza 15,000, na bado hujapaka rangi wala kumlipa aliyeleta mpangaji mpya. Itakuchukua miaka miwili na nusu kurudi pale ulipokuwa. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba ana thamani ambayo haionekani kwenye daftari hadi aondoke.

Maji

Anayetaka kujua kama jengo la Nairobi linasimamiwa vizuri aulize kwanza habari za maji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Idadi ya watu imelizidi tangu siku nyingi, hivyo kampuni ya maji ya jiji hugawa kwa zamu: mtaa huu siku mbili kwa wiki, ule siku moja. Jengo hujaza matangi ya chini siku ya zamu, kisha pampu hupandisha maji kwenye matangi ya juu. Stima ikipotea, pampu husimama, na mtu wa ghorofa ya saba anabeba ndoo kwenye ngazi. Palipo na kisima, gharama huwa ya umeme wa pampu. Pasipo na kisima wala zamu ya kutosha, lori la maji huitwa, na bei yake hupanda wakati wa kiangazi.

Kazi ya msimamizi hapa ni hesabu na upelelezi. Jengo lina mita kuu ya kampuni, na kila nyumba ina mita yake ndogo. Mwisho wa mwezi keateka husoma mita zote siku moja. Tuseme mita kuu imesoma yuniti 310 na jumla ya mita za nyumba ni 262. Yuniti 48 zimekwenda wapi? Ajenti mvivu huzigawanya kwa wapangaji wote na kuziita gharama za pamoja. Anayeijua kazi yake huzitafuta. Hufunga bomba la kuoshea ngazi na la kumwagilia maua, kisha humwomba keateka aitazame mita kuu saa nane za usiku, matangi yakiwa yamejaa na watu wamelala. Ikiwa bado inazunguka, maji yanatoroka mahali fulani kabla ya kufika kwenye nyumba. Boya la tangi huenda limechoka na maji yanamwagika kwa juu kupitia bomba la akiba ambalo hakuna anayeliona. Huenda bomba lililozikwa chini ya sakafu ya maegesho limepasuka. Au kuna mtu aliyejiunganishia kabla ya mita ya nyumba yake.

Ndani ya nyumba mwizi mkubwa ni tangi la choo. Mpira wake ukichakaa, maji huteremka kwenye bakuli kimyakimya usiku na mchana, na mpangaji hushtukia bili tu. Kipimo chake ni rahisi: weka matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usikivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira umekwisha. Mpira mpya ni bei ndogo kuliko bili ya mwezi mmoja wa kuvuja, na fundi wa mifereji huubadilisha kwa dakika chache.

Maji machafu yanataka uangalizi kama huo, hasa mahali ambapo jengo halijaunganishwa na mfereji wa jiji na linategemea shimo. Shimo la jengo kubwa hujaa kwa mzunguko unaojulikana. Msimamizi anayeandika tarehe za kila mara lori la kunyonya lilipokuja anaweza kuliita wiki moja kabla ya uchafu kufurika kwenye uwanja wa watoto.

Jengo lenyewe

Usiku wa Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, likaua watu zaidi ya 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kuorodheshwa kati ya yale ya kubomolewa. Watu walikuwa wakilipa kodi humo hadi jioni ile. Desemba 2019 jengo jingine likaanguka Tassia, upande wa Embakasi, na watu wakafa tena.

Msimamizi si mhandisi, na sheria haimtaki awe. Lakini ndiye mtu anayepita kwenye ngazi mara nyingi kuliko mhandisi yeyote, na kuna dalili anazopaswa kuzijua. Ufa mwembamba kwenye plasta ni wa kawaida. Ufa unaokatiza ukuta kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, na unaoendelea kupanuka, unataka mtaalamu. Milango kadhaa ya upande mmoja inayoanza kukwama kwa wakati mmoja huweza kumaanisha jengo limeketi vibaya. Mtaalamu huitwa pia kwa nondo zinazoonekana zikiwa na kutu chini ya balkoni, au maji yanayosimama daima kwenye msingi. Penseli na tarehe vinatosha kuanza uchunguzi: weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, rudi baada ya mwezi, uone kama umevuka alama.

Palipo na hatari zaidi ni pale mwenye nyumba anapotaka kuongeza ghorofa juu ya jengo lililosanifiwa kwa sakafu chache, wapangaji wakiwa ndani. Msimamizi anapaswa kudai kuona michoro iliyoidhinishwa na kaunti na barua ya mhandisi. Akikosa, ajiondoe kwenye mkataba kwa maandishi na kuwaarifu wakaguzi wa majengo. Atapoteza asilimia yake ya kodi, hilo ni kweli. Hakuna asilimia inayolingana na kujua kwamba ulikusanya kodi ya chumba ulichokishuku.

Moto hautaki maelezo marefu: mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa ndani ya mwaka, ngazi zisizozibwa na baiskeli na magodoro, lango ambalo mtu wa ndani anaweza kulifungua usiku bila kumtafuta mwenye ufunguo. Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu kila mtu anawaogopa wezi kuliko moto.

Mpangaji asipolipa

Kodi nyingi Nairobi hutakiwa kufikia tarehe 5. Msimamizi mwenye uzoefu hupiga simu tarehe 6. Simu ya tarehe 6 ni ya kuulizana habari. Ile ya tarehe 25 tayari ni ugomvi. Kwa simu ya mapema anajua ni nani amecheleweshewa mshahara, nani ameuguliwa, na nani ameacha kupokea simu kabisa. Wawili wa kwanza huandikiana naye mpango wa kulipa kidogo kidogo, wenye tarehe na sahihi. Wa tatu hupewa notisi kwa maandishi mapema, maana deni likishaipita dipoziti kurudisha fedha huwa kazi ngumu kwa kila mtu.

Kinachotokea mitaani kinajulikana: kufuli juu ya kufuli ya mpangaji, stima kukatwa, mlango kung'olewa, hata mabati kuezuliwa mtu akiwa ndani. Hayo yote yako nje ya sheria. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inampa mpangaji kinga kubwa: hawezi kuondolewa bila amri ya jopo la kodi, na sababu za kumwondoa zimetajwa ndani ya sheria yenyewe. Kima hicho kimepitwa na wakati kiasi kwamba sasa kinawagusa hasa wanaoishi vyumba vya mabati. Juu ya kima hicho uhusiano huongozwa na mkataba na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na anayetaka kumtoa mpangaji kwa nguvu anahitaji amri ya mahakama. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, ipo, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni. Ajenti na vijana wake hawana ruhusa ya kubeba kochi la mtu.

Kuna aibu nyingine ya kizazi hiki cha simu: orodha ya wadaiwa kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Msimamizi hushika nakala za vitambulisho, nambari za simu, majina ya waajiri na ya jamaa wa karibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka azitumie kwa kazi alizopewa tu. Nje ya sheria kuna jambo la utu. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili anaishi katika mojawapo ya nyumba hizo, na siku moja mtu mwenye sauti ya upole atapiga simu ofisini kuuliza kama “dada yangu” bado anakaa pale. Jibu ni moja: hatutoi habari za wapangaji.

Nyumba zenye wamiliki wengi

Kilimani, Kileleshwa na Syokimau kuna majengo ambamo kila nyumba ina mwenyewe. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, inawafanya wamiliki wote kuwa shirika moja linalosimamia na kutunza vya pamoja: lifti, ngazi, paa, jenereta, lango. Msimamizi hapa huajiriwa na shirika hilo, na anachokusanya ni ada ya huduma. Shida yake kubwa ni akiba. Lifti itachakaa na paa litataka kuezekwa upya hata kama hakuna anayependa kulifikiria leo, na jengo lisilotenga fedha kila mwezi kwa mambo hayo hujikuta likiwaomba wenyewe mamia ya maelfu kwa mpigo mmoja. Nusu hukataa, na lifti husimama.

Anayefaa kwa kazi hii

Njia rasmi ni shahada ya usimamizi wa ardhi na majengo au ya uthamini, inayotolewa katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha mafunzo chini ya mwenye cheti na usajili kwenye bodi. Wengine huingia kupitia uhasibu. Awe na shahada yoyote ile, anayedumu ni yule anayejibu ujumbe hata kama jibu ni “fundi atakuja Jumatano”, na Jumatano fundi akaja. Kazi haina saa: bomba hupasuka Krismasi, na pampu huungua siku ya zamu ya maji. Malipo yake hupanda kwa idadi ya nyumba, kishawishi kinachowafanya wengi wachukue majengo mengi kuliko wanayoweza kuyatembelea. Mimi naona msimamizi ambaye hajakanyaga jengo kwa miezi mitatu amekwisha kuacha kulisimamia, ingawa asilimia yake bado inaingia.

Nawe unayetafuta nyumba, kabla ya kutuma dipoziti mwombe ajenti akuonyeshe cheti chake cha mwaka huu, uhakikishe Paybill ina jina la kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, na usikubali kupewa funguo kabla hamjaandika pamoja hali ya nyumba, chumba kwa chumba. Ajenti mwaminifu hatachukizwa na hayo. Anayechukizwa, tafuta nyumba kwingine.